Baraza la Magodoro: Hakuna Anayetoka Kabla ya Siwa

"Hatuwezi?" alifoka Profesa Tamko. "Nani hawezi?"

Hapo ndipo ukurasa ulipotuishia wiki iliyopita, mpenzi msomaji, na najua wapo walionilaani. Tuliza moyo. Bosi bado amesimama, kidole chake bado kiko hewani, na Msajili bado anamtazama kwa macho makavu.

Kwa wewe uliyeazima gazeti kwa jirani leo, habari ni hii. Chuo kilifunga bweni la wasichana ili kuligeuza Kituo cha Ubora. Ubora wa nini, hakuna aliyeambiwa. Wasichana wakalala maktaba, wakalala kwenye korido za maabara, mwishowe wakabeba magodoro wakahamia Ukumbi wa Seneti, na wavulana wakawafuata kuwaunga mkono. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: mmetunyima pa kulala, tumekuja kulala kwenu.

Kinara wao ni binti wa sheria, mwaka wa mwisho, waliyempa jina la Spika kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Amebakiza mtihani mmoja tu avae joho la mahafali. Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye tunamwita Profesa Tamko kwa kuwa hakuna shida asiyoitolea tamko, anataka afukuzwe leo hii, yeye na wenzake wote. Na Msajili wa chuo, mama wa kanuni, ndiye aliyesimama kikaoni akasema haiwezekani.

"Anayefukuza mwanafunzi ni Baraza," alisema Msajili. "Na Baraza haliketi bila siwa mezani."

"Basi si muilete hiyo siwa!"

Wakubwa wakaanza kutazama viatu vyao. Siwa ya chuo, kama hujawahi kuhudhuria mahafali, ni lile rungu refu jeusi lenye kichwa cha shaba, linalotangulia mbele ya maprofesa kana kwamba bila hilo wangepotea njia.

"Iko wapi?" aliuliza Profesa Tamko, sauti ikianza kushuka.

"Ukumbi wa Seneti, Mheshimiwa," alijibu Mlezi wa wanafunzi, bwana mmoja anayesema kila kitu kwa sauti ya kutoa rambirambi. "Wanafunzi wanaitumia kuzuilia dirisha lisijifunge."

"Tukope rungu la Idara ya Sanaa," Mlezi alijitosa. "Lile la maigizo. Kwa mbali huwezi kulitofautisha."

"Na mahakamani?" Mwanasheria wa chuo alimkata. "Nikaseme tumefukuza watu kwa rungu la maigizo?"

Wakaamua kumtuma Mlezi akaiombe siwa kwa upole. Aseme inakwenda kung'arishwa. Alikwenda akiwa na tabasamu, akarudi bila tabasamu na bila siwa.

"Wamesemaje?"

"Spika ameuliza kama inakwenda kung'arishwa au kuwapiga nayo."

"Mpumbavu. Halafu?"

"Amesema mkiitaka, njooni mkae nayo kule kule. Wamewapangia magodoro."

Nilidhani bosi angepasuka. Badala yake akacheka. Profesa Tamko akicheka, ujue kuna mtu atalia.

"Safi sana," alisema. "Tunakwenda. Tutawaambia tumekuja kuwasikiliza."

"Kuwasikiliza kweli?" Mlezi aliuliza, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Acha utoto. Tukishaingia, siwa inalazwa mezani, nafungua kikao, tunapiga kura, tunatoka."

Mwanasheria alielewa haraka, maana hilo ndilo analolipiwa. Askari hawakuwa na haki ya kuwatoa wanafunzi kwenye ukumbi wao wenyewe. Lakini wakishafukuzwa si wanafunzi tena, ni wavamizi.

Profesa Tamko akanyakua simu akampigia mkuu wa kituo cha polisi, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayependa kusikika.

"Afande! Saa nne kamili ingieni. Bebeni yeyote mtakayemkuta ndani, msiangalie sura. Na sikiliza vizuri: wamefungua kabati letu, wanajifunika majoho. Ukimkuta mtu kavaa joho anakwambia yeye ni profesa, usibabaike. Huyo ndiye kinara."

Afande aliuliza kitu.

"Aking'ang'ania? Akipiga kelele ndiyo dalili yenyewe!"

Akakata simu, akasugua mikono. Yatie hayo maneno akilini, msomaji. Yeye mwenyewe aliyasahau kabla hajafika mlangoni.

Kwenye korido alimvuta Msajili pembeni.

"Yule binti," alinong'ona. "Ni mtoto wa marehemu kaka yako, siyo?"

Msajili akageuka kutazama kama kuna anayesikia. Hakuwahi kumwambia mtu kazini.

"Ndiyo. Nimemlea mimi."

"Basi mimi sijui, Baraza halijui, na wewe hujui. Kiti cha Naibu Makamu kiko wazi, mama. Anayekitaka asinitie aibu leo."

Akampigapiga begani, akaenda zake.

Msajili alibaki amesimama na glavu zake nyeupe za kubebea siwa mkononi. Mtoto yule alimchukua tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Jioni alikuwa akimpakata na kumsomesha kwa matangazo ya ofisini, maana ndiyo karatasi zilizokuwa nyumbani, ndiyo maana binti alijua neno "akidi" kabla hajajua kuendesha baiskeli. Na tangazo la kufunga bweni lilitoka kwa saini ya nani? Ya shangazi huyo huyo. Spika alipolisoma hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi nina shangazi mwenye nyumba. Wenzangu hawana." Akabeba godoro lake akaondoka. Tangu siku hiyo Msajili alikuwa halali vizuri, ingawa kitanda chake kilikuwa kizuri.

Milango ya Ukumbi wa Seneti ikafunguliwa.

Magodoro yalikuwa yametandikwa ukuta hadi ukuta. Sufuria ya chai ilikuwa ikitoa mvuke juu ya jukwaa. Kwenye picha za Makamu Wakuu waliopita kulikuwa kumeanikwa soksi, na kwenye picha ya Profesa Tamko, taulo.

"Karibuni," alisema Spika. Kisha akainama kidogo mbele ya Msajili. "Shikamoo, shangazi."

Alisema kwa sauti ya chini, ya wawili tu. Msajili akaitikia kwa midomo bila sauti.

"Wanangu!" Profesa Tamko alitanua mikono. "Nimekuja kuwasikiliza kwa masikio yote mawili. Lakini heshima kwanza. Rudisheni majoho yetu."

Wanafunzi wakatazamana. Spika akatikisa kichwa kukubali. Wakavua majoho waliyokuwa wakijifunikia, wakayakung'uta, wakayakunja na kuyakabidhi vizuri kuliko dobi. Wakubwa wakayavaa. Profesa Tamko akavaa lile jekundu lenye mapambo ya dhahabu, akajitazama kwenye kioo cha dirisha akaridhika.

"Simu zote za wajumbe kwenye kikapu," aliagiza, maana hiyo nayo ni kanuni yake, tangu siku aliyowakuta wajumbe wakitazama mpira wakati akitoa hotuba. Mlinzi akazikusanya, ya bosi ikiwa juu, akakaa nazo nje.

Viti vilikuwa vimerundikwa nyuma ya mlango wa uani, kwa hiyo Baraza Kuu la chuo likaketi kwenye magodoro. Mkuu wa Kitivo cha Kilimo alishuka kwa awamu, akiguna. Alipofika chini akaonja godoro kwa kiwiko, akaliona zuri, akalala kiubavu.

"Siwa," alisema Profesa Tamko.

Msajili akavaa glavu, akaitoa siwa dirishani, dirisha likajifunga kwa kishindo. Akailaza mezani.

"Kikao kimefunguliwa!" bosi alipaza sauti. "Ajenda ni moja. Kuwafukuza chuo wote waliovamia ukumbi huu, wa kwanza akiwa huyu binti."

Ukumbi ulilipuka.

"Mlisema mmekuja kutusikiliza!" Spika alipiga kelele.

"Nimeshakusikia. Una sauti kubwa. Wajumbe, tupige kura."

"Samahani, Mheshimiwa," Mwanasheria alijikohoza. "Mjumbe mwenye undugu na mtuhumiwa anatakiwa ajitaje, asihesabiwe. Tukiruka hapo, mahakama itatucheka."

Hapo bosi alikunja uso. Asubuhi ile wajumbe wengi wenye akili zao walishikwa na homa ya ghafla, wakabaki nyumbani. Waliokuwepo walitimiza akidi kwa kubanana. Akitoka mmoja tu, hakuna Baraza.

"Hakuna mwenye ndugu hapa," alisema. "Msajili, wewe ndiye mtunza kanuni. Kwa kumbukumbu za kikao, unamfahamu binti huyu?"

"Namfahamu. Ni mwanafunzi wetu."

"Nje ya kazi, unamfahamu? Ndiyo au hapana."

Msajili aliangalia kiti cha Naibu Makamu, ambacho hakikuwepo pale ila yeye alikuwa akikiona. Aliangalia siwa. Hakumwangalia Spika.

"Hapana," alisema.

Spika alisimama kama aliyemwagiwa maji. Wenzake wengi hawakuelewa kilichotokea. Yeye akaukaza uso wake.

"Sawa, Mheshimiwa Msajili," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo tangu ajue kusema. Lile neno lilimwingia Msajili likakaa, akaona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Mikono ikapanda. Mkuu wa Kitivo cha Kilimo, aliyekuwa ameshasinzia, aliinuliwa mkono na jirani yake.

"Imepita!" Profesa Tamko alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne. "Msajili, toa siwa tufunge. Haraka, mama."

Msajili akaibeba. Siku hiyo ilikuwa nzito, akashangaa iliwezaje kuzuilia dirisha bila kuvunja kioo. Wanafunzi wakampisha njia. Wengine walikuwa wanalia. Mmoja alikuwa tayari anakunja shuka lake.

Akafika kizingitini. Hatua moja tu, na mtoto wake hana chuo.

Akageuka.

Akarudi mpaka mezani, akailaza siwa pale pale ilipokuwa. Halafu akatafuta godoro lenye shuka la maua ya njano, akaketi.

"Wee mama!" Profesa Tamko alisahau vyeo. "Unafanya nini?"

"Naketi, Mheshimiwa. Kikao kinaendelea."

"Kikao nimekifunga!"

"Hakifungwi kwa mdomo. Kinafungwa siwa ikitoka mlangoni, na anayeitoa ni mimi. Mpaka hapo kura haina nguvu."

"Basi sisi tunatoka!"

"Hakuna mjumbe anayetoka kabla ya siwa. Akitoka mmoja, akidi imevunjika na kura imekufa." Msajili akanyoosha sketi yake. "Kanuni hiyo umeileta wewe."

Ni kweli, msomaji, na hapa naomba nicheke kidogo. Zamani wajumbe walikuwa wakinyata kwenda kunywa chai, bosi akibaki anamhutubia Mlezi peke yake. Ndipo akatunga kanuni ya kuwafungia ndani mpaka siwa itoke. Aliipitisha kwa makofi, kwa sababu waliotaka kuipinga walikuwa wameshakwenda kunywa chai.

"Mwanasheria!" bosi alibweka. "Sema kitu!"

Mwanasheria alikuwa ameshapauka. "Tukitoka, hatujamfukuza mtu. Tukikaa..." Akatazama saa ya ukutani. "Mheshimiwa, ulimwambia Afande abebe yeyote atakayemkuta ndani."

"Najua nilichomwambia!"

"Uliongea habari za majoho pia."

Profesa Tamko akajitazama kifuani. Naapa nyuzi za dhahabu zilikuwa zinatetemeka.

"Simu yangu! Mlinzi, lete simu yangu!"

Lakini mlinzi, alipoona magari ya polisi yanaingia getini, alikuwa ameshakwenda kuyapokea na kikapu chake.

"Tumia yangu," Spika alimnyooshea simu. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Namba ya Afande unaijua kwa kichwa?"

Hakuijua. Mtu wa cheo chake hakariri namba za watu.

Bosi akatazama mlango, akatazama siwa. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kutoka, akaokoa ngozi yake, na wanafunzi wote wakabaki wanafunzi. Aliinua mguu mmoja. Akaushusha. Kushindwa mbele ya watoto waliomwanikia taulo usoni kulimuuma kuliko pingu.

"Mimi sitoki!" alisema. "Nitaona nani atachoka kwanza!"

Basi Makamu Mkuu wa Chuo akagoma kutoka Ukumbi wa Seneti. Wanafunzi walimpigia makofi, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa hiari yao.

Spika akaketi karibu na Msajili, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Umekaa kwenye godoro langu," alisema.

"Najua. Shuka nimelinunua mimi."

"Umenikana."

"Nimekukana. Nimeona aibu. Sina la kujitetea, mwanangu."

Binti akachezea uzi wa shuka.

"Watakufukuza kazi, shangazi."

"Labda. Wakitaka, waitishe kikao."

Spika akasogea, ile nafasi katikati ikaisha.

Nje buti zikasikika. Mlango ukasukumwa, askari wakamwagika ndani, Afande mbele, jasho likimtiririka. Aliona vijana waliokaa kimya kwenye magodoro na fulana zao. Aliona pia watu wazima waliojifunika majoho, mmoja akikoroma.

"Majoho yote mbele!" aliamuru.

"Afande, ni mimi!" Profesa Tamko aliruka. "Mimi ndiye Makamu Mkuu! Mimi ndiye niliyekupigia!"

Afande akamgeukia askari wake. "Tuliambiwa atasema hivyo hivyo."

"Wewe hunijui? Nitakuvua cheo! Nitatoa tamko!"

"Anapiga kelele," alisema askari.

"Ndiyo dalili yenyewe," alisema Afande, akatoa pingu.

Mlezi akaanza kuwapa watu pole. Mkuu wa Kitivo cha Kilimo aliamshwa, akauliza kama ni saa ya chai. Na Profesa Tamko, mikono imeshashikwa kwa nyuma na joho limepanda shingoni, akamwona Msajili.

"Muulizeni yule! Yule mama hana joho! Muulizeni!"

Afande akageuka. Uso wake ukalainika, kwa maana Msajili ndiye aliyempokea binti yake siku alipoanza chuo, akampeleka mwenyewe mpaka bwenini. Bweni lile lile. Na binti huyo sasa alikuwa amekaa godoro la tatu kutoka dirishani, akimtazama baba yake bila kupepesa.

Afande alimwona. Mkono wenye pingu ukasita.

"Mama Msajili," alisema taratibu, "wewe nakuamini. Huyu mtu unamfahamu?"

"Mwambie!" bosi alilia. "Mama, mwambie!"

Msajili akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya shuka la maua. Akainuka, Spika akiwa amemshika mkono.

"Afande," alisema, "unaniuliza nje ya kazi, au kwa kumbukumbu za kikao?"